Vidonge vya kupunguza uzito: kabla hujatuma hela, pitia uzi huu

Kaunta ya Dawa (mleta mada)

Wakuu, habari za Jumapili.

Mimi ni mfamasia, kazi yangu ni nyuma ya kaunta hapa Dar. Siku hizi naulizwa "ile dawa ya kukata kitambi" karibu sawa na ninavyoulizwa dawa ya mafua. Muulizaji huwa na picha tayari kwenye simu: kopo la kijani, jani limechorwa, dada mnene upande wa kushoto na dada mwembamba upande wa kulia, ambaye ukimtazama vizuri pua si ile.

Naweka msimamo wangu mapema ili anayetaka kubisha ajipange. Kidonge cha "mitishamba mitupu" kinachokutoa kilo tano kwa wiki mbili, kuna uwezekano mkubwa kwamba ndani kina dawa ya kiwandani ambayo hukuambiwa.

Ninayoishuku kwanza ni sibutramini. Hii ilikuwa dawa halali kabisa, Marekani waliipitisha 1997. Inaenda kwenye ubongo, unakula kidogo unajisikia umeshiba. Na inafanya kazi kweli, msidhani nawadanganya. Shida yake ni moyo. Ulifanyika utafiti mkubwa uitwao SCOUT, watu kama elfu kumi, wengi wao wakiwa na ugonjwa wa moyo au kisukari. Waliomeza sibutramini walipata shambulio la moyo na kiharusi zaidi ya waliomeza kidonge kisicho na dawa. Hatari ilipanda kwa asilimia 16. Januari 2010 Ulaya wakaisimamisha, Oktoba mwaka huohuo ikatolewa sokoni Marekani.

Kwenye famasi ikaisha, ikaibukia kwenye makopo ya "asili". Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imekuwa ikitoa tahadhari mwaka hadi mwaka za vidonge na kahawa za kupunguza uzito vilivyopimwa vikakutwa na sibutramini ambayo kwenye lebo haipo. Vingine vimekutwa na fenoftalini, dawa ya zamani ya kulainisha choo iliyoondolewa kwa hofu ya saratani. Vingine vina dawa za sonona au za kukojosha.

Ulizeni, nitajibu nikipata nafasi. Sitauza kitu hapa na usinifuate inboksi kuuliza bei.

Kilo Tisini

Shikamoo daktari. Umenigusa mwenyewe. Nina miaka 34, urefu mita 1.60, uzito nilianza na 91. Kuna vidonge nilinunua Instagram, kimoja asubuhi kabla ya chai. Kupungua napungua, sikatai, njaa sisikii kabisa. Ila mdomo unakauka kama nimefunga, usiku silali, na nikipanda ngazi za ofisini moyo unapiga mpaka nausikia masikioni. Muuzaji ananiambia hiyo ni sumu inatoka mwilini, nivumilie. Kwenye kopo wameandika chai ya kijani, tangawizi na vitu vya Kichina. Niendelee?

Baba Wawili

Napita tu. Kitambi changu mimi ni cha heshima ya ndoa, kikiisha mke wangu ataulizwa na ukweni ananilisha nini.

Urembo Asilia

Mleta mada una ajenda yako. Sisi tumesajiliwa BRELA, tuna TIN, tunalipa kodi, ofisi inajulikana. Bidhaa zetu ni mimea asilia, hazina kemikali wala madhara yoyote. Wateja wetu wanapungua kilo 7 hadi 10 kwa mwezi na ushahidi upo kwenye ukurasa wetu. Wafamasia mnaona biashara inawakimbia ndiyo maana mnatisha watu. Anayehitaji aje inboksi, mikoani tunatuma kwa basi.

Kaunta ya Dawa

Marahaba Kilo Tisini. Naanza na wewe, Urembo Asilia atasubiri.

Acha leo. Usimalizie kopo eti kwa sababu ulilipia. Mdomo mkavu, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, na kama choo nacho kimekuwa kigumu, hizo ni dalili za sibutramini kama zilivyokuwa zikiandikwa kwenye karatasi yake enzi inauzwa kihalali. Siwezi kuapa kwamba ndiyo uliyomeza, hilo linajulikana maabara tu. Lakini tangawizi haikukoseshi usingizi namna hiyo, na hakuna "sumu inayotoka" kwa kupandisha mapigo ya moyo. Kesho asubuhi kapime presha, zahanati yoyote inatosha. Ukipata maumivu ya kifua, pumzi ikawa fupi, au upande mmoja wa mwili ukalegea, usirudi hapa kuuliza, kimbilia hospitali. Halafu nijibu: una dawa nyingine unazotumia? Za presha, za sonona, uzazi wa mpango?

Kopo usilitupe.

Sasa Urembo Asilia. BRELA inasajili jina la biashara yako, TIN ni ya kodi. Hata genge la nyanya linaweza kuwa navyo vyote viwili, na hakuna hapo aliyefungua kidonge chako akaangalia kilichomo. Dawa Tanzania inasajiliwa na TMDA, ambayo kabla ya 2019 tuliizoea kama TFDA. Dawa za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Chakula kilihamia TBS, shirika la viwango, mwaka huohuo wa 2019, kwa hiyo hata kopo likiwa na alama ya TBS, kupitishwa kama chakula hakumaanishi mtu amethibitisha kwamba kinapunguza uzito. Tuwekee hapa namba ya usajili ya bidhaa, si ya duka. Dawa iliyosajiliwa na TMDA namba yake huanza na TAN, na orodha iko wazi kwenye tovuti yao, kila mwenye simu anaweza kutafuta.

Urembo Asilia

Tutaweka. Kwa sasa nipo safarini mtandao unasumbua.

Baba Wawili

Mtandao wa kutuma mzigo mikoani upo, wa kutuma namba ndio unasumbua 😂

Shangazi wa Likoni

Mie ni muuguzi huku Mombasa, na vidonge si shida yetu pekee. Kuna hizi chai za tumbo bapa. Asilimia kubwa ya zilizopita mikononi mwangu nikisoma pakiti nakuta sanamaki. Sanamaki wazee wetu waliijua tangu zamani, ni ya kufungua choo, unakunywa siku moja mbili basi. Hawa wanawake wanakunywa kila usiku miezi! Mizani inashuka kwa sababu maji na kinyesi vimetoka, mafuta yako palepale. Wali ushafyonzwa juu huko kwenye utumbo mwembamba kabla sanamaki haijaanza kazi kwenye utumbo mpana. Mwishowe potasiamu inashuka, misuli inalegea, moyo unapiga ovyo, na utumbo unazoea, bila chai hauendi tena.

Na wale wanaomeza vidonge vya kukojosha ili waingie kwenye gauni la harusi, ni mambo yaleyale. Ukinywa maji, kilo zinarudi.

Kenya ukitaka kuhakikisha dawa, ni Bodi ya Dawa na Sumu, wao pia wana orodha.

Mtoto wa Pangani

Mkuu mleta mada, mimi nina swali la ubishi kidogo. Kila dawa ya kukonda naona inatoka, inasifiwa, halafu baada ya miaka inaondolewa. Sasa kwa nini tuamini hizo "zilizosajiliwa"? Si bora mitishamba tu?

Kaunta ya Dawa

Swali zuri, na historia iko upande wako kuliko unavyodhani.

Miaka ya 1930 Marekani walikuwa wakimeza DNP. Hii ni kemikali iliyotumika kwenye viwanda vya mabomu Ufaransa wakati wa Vita ya Kwanza, ikaonekana wafanyakazi wanakonda. Inafanya mwili uchome nishati iwe joto tu. Watu walipungua kweli, na baadhi wakapata mtoto wa jicho, wengine joto la mwili likapanda mpaka wakafa. Ilipigwa marufuku kutumiwa na binadamu 1938. Na mpaka leo kuna wajinga wanaiuza mtandaoni kwa watu wa gym. Hii ukizidisha, hakuna dawa ya kuitengua.

Ikaja fenfluramini, ikiunganishwa na fentamini: 1997 ikaondolewa kwa kuharibu vali za moyo. Rimonabanti, Ulaya 2006 ikaingia, 2008 ikasimamishwa kwa sababu ya sonona na watu kutaka kujiua. Lokaserini ilitolewa Marekani Februari 2020, utafiti ulipoonyesha saratani kidogo zaidi kwa watumiaji, asilimia 7.7 dhidi ya 7.1.

Lakini angalia hiyo ya mwisho. Tofauti ya asilimia 0.6 ilionekana kwa sababu kuna watu elfu kumi na mbili walifuatiliwa kwa miaka. Kopo la kijani nani anamfuatilia mmezaji wake? Akianguka bafuni, ukoo utasema presha, au utasema jirani. Hakuna atakayetaja kopo.

Na mmea nao ni kemikali, ndugu yangu. Majani ya chai ya kijani kwenye kikombe hayana neno, ila yakikamuliwa yakawekwa kwenye kapsuli yameharibu maini ya watu. Mamlaka ya chakula ya Ulaya ilisema 2018 kwamba kuanzia miligramu 800 kwa siku za ile EGCG iliyomo, vipimo vya ini vinaanza kupanda. Gasinia, lile tunda linalowekwa kwenye vidonge vya kukonda, nayo ina kesi zake za ini. Siki ya tufaa haijaua mtu, ila ule utafiti wa Lebanoni wa 2024 uliosambaa kila grupu la WhatsApp, jarida lenyewe lililouchapisha liliuondoa 2025 baada ya takwimu zake kukaguliwa zikaonekana haziaminiki. Grupu lililosambaza utafiti sijaona likisambaza habari ya kuondolewa.

Mgeni wa Usiku

Naomba kuuliza nikiwa nimejificha, mtanisamehe. Nipo kwenye dawa za CTC (kliniki ya VVU), nilipobadilishiwa kwenda hiki kidonge kimoja cha sasa uzito ukaanza kupanda, nguo hazinienei. Nilitaka nitumie olistati, naona wanasema ndiyo salama. Naogopa kuuliza kliniki wataniona najali urembo.

Kaunta ya Dawa

Mgeni, umefanya vizuri sana kuuliza kabla, na hili nalijibu kirefu kuliko mengine kwa sababu wapo wengi wanaosoma kimyakimya.

Kwanza hujajitungia. Hicho kidonge kimoja kina dolutegraviri, na kuongezeka uzito kwa baadhi ya watumiaji, hasa wanawake, kumeonekana kwenye tafiti, ukiwemo ule wa Afrika Kusini uitwao ADVANCE. Kliniki wanalijua. Si urembo, ni hoja ya kitabibu, itaje kama unavyotaja upele.

Pili, olistati na ARV hapana, mpaka daktari wako aamue. Olistati inazuia mafuta yasifyonzwe, na imetolewa tahadhari kwamba inaweza kupunguza ufyonzwaji wa ARV na virusi vikapanda tena. Tatu, kuna watakaokushauri metifomini, dawa ya kisukari, eti "ya kupunguza mwili". Dolutegraviri inapandisha kiwango cha metifomini kwenye damu, ndiyo maana mwenye kisukari anayezimeza zote mbili hapewi zaidi ya miligramu 1000 kwa siku. Na nne, usiache kidonge chako hata siku moja kwa ajili ya kilo. Nenda tarehe yako ya kliniki, au hata kabla, mwambie mhudumu uzito ulivyokuwa na ulivyo.

Mgeni wa Usiku

Nashukuru mno. Nitaenda.

Mnyamwezi Muscat

Salaam kutoka Oman. Huku habari ya mjini ni sindano. Ozempic, Mounjaro. Kila wiki kuna ndugu ananiomba nimtumie na mtu anayesafiri. Hizi nazo utasema feki?

Kaunta ya Dawa

Sheikh, hizi ni dawa za kweli, na kwa sasa ndizo zenye nguvu kuliko zote. Semaglutidi, ambayo ndiyo iliyomo kwenye Ozempic, ilipopimwa kwa dozi ya unene kwa wiki 68, watu walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito, waliopewa sindano isiyo na dawa wakapungua 2.4. Tizepatidi, ile ya Mounjaro, imefika hadi karibu asilimia 21 kwa dozi kubwa. Kipo pia kidonge cha semaglutidi kwa wenye kisukari, kinamezwa tumbo tupu kwa maji kidogo na kusubiri nusu saa. Na Desemba 2025 Marekani wamepitisha kidonge chake kwa ajili ya unene.

Ninachogomba nacho ni begi la msafiri. Kalamu (sindano hizi huja kwenye kifaa kama kalamu) ambayo haijaanza kutumika inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, yaani friji. Muscat hadi Dar, foleni ya Nyerere Road, kisha basi la Tabora... mimi nisingejidunga hiyo.

Halafu feki zipo, na hapa si maneno yangu. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari Juni 2024 ya Ozempic bandia zilizokutwa Brazili, Uingereza na Marekani. Austria mwaka 2023 kuna watu walilazwa sukari imeshuka vibaya, ikashukiwa kalamu zilikuwa na insulini. Kama Ulaya yenye ukaguzi wote ule zimepenya, hiyo ya kuletewa na kijana wa pikipiki haina risiti unaijuaje?

Hata iliyo halisi si ya kila mtu. Mwenye mimba hapana, na anayepanga mimba aache semaglutidi angalau miezi miwili kabla. Aliyewahi kuvimba kongosho aseme. Ukoo wenye saratani ya tezi ya shingo aina ya medula, hapana. Kichefuchefu na kutapika ni kawaida, hasa dozi zikipandishwa haraka. Na ukiacha, uzito unarudi: waliofuatiliwa baada ya kuacha walirudisha theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka. Kwa hiyo anayekuomba kalamu moja ya "kuanzia tu kabla ya harusi", muulize akifika mwezi wa saba wa kuitumia atailipaje.

Mnyamwezi Muscat

Duh. Basi ya shemeji naighairi, ila kumweleza itakuwa kazi.

Dereva wa Gongo la Mboto

Kuna aliyetaja olistati hapo juu. Nilipewa na daktari, ngoja niwape uzoefu. Inafanya kazi ila haina aibu. Nilikula pilau la shughuli Ijumaa, nyama za mafuta, kidonge nikameza kama kawaida. Jumamosi niko barabarani na abiria kumi na nne. Yale ni mafuta matupu, wakuu, ya rangi ya chungwa, na hayagongi hodi. Tangu siku ile chipsi naiogopa.

Kaunta ya Dawa

😂 Pole sana kaka. Kampuni iliyoanza kuiuza Marekani bila cheti cha daktari mwaka 2007 yenyewe ilishauri wateja wavae suruali ya rangi nyeusi na wabebe ya akiba. Sasa mnajua kwa nini.

Kwa faida ya wengine: olistati ni miligramu 120 pamoja na kila mlo mkubwa, na inazuia kama asilimia 30 ya mafuta uliyokula. Mlo usio na mafuta, dozi unairuka. Haigusi wali, ugali wala soda. Anayekunywa soda tatu kwa siku akameza olistati anapoteza hela yake. Matarajio yawe ya mtu mzima: baada ya mwaka, ikiambatana na kubadilisha chakula, inaongeza kama kilo tatu tu juu ya ambazo ungepunguza bila hiyo. Ikipita wiki 12 hujapungua asilimia 5, acha. Vitamini A, D, E na K zinapotea pamoja na mafuta, kwa hiyo multivitamini meza usiku wakati wa kulala. Wanaotumia wafarini (ya kuzuia damu kuganda) au dawa za tezi waongee na daktari kwanza.

Najua kilo tatu haziwezi kupata wateja Instagram.

Kilo Tisini

Daktari nimerudi. Jana nimepima, 152 kwa 98. Sijawahi kuwa na presha mimi, mwenye presha ni mama. Dawa nyingine sina, ila nachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Jina la vidonge nimelitafuta kwenye orodha ya TMDA halipo. Muuzaji nilipomwambia kanifungia. Usingizi umeanza kurudi kidogo. Sasa nifanyeje, maana uzito wenyewe bado ninao?

Kaunta ya Dawa

Afadhali umeacha. Rudia kupima presha baada ya siku chache, asubuhi, ukiwa umekaa dakika tano bila kuongea, halafu tena wiki inayofuata. Ikibaki juu ya 140 kwa 90 nenda kwa daktari hata kama unajisikia mzima, na historia ya mama yako uitaje.

Sindano ya miezi mitatu inaweza kuwa inachangia, baadhi ya wanawake wanaongezeka uzito nayo. Usiikatize kimyakimya ukaja kupata mimba usiyoitaka. Omba kliniki wakueleze njia nyingine. Pima na sukari.

Kuhusu uzito: ukigawa 91 kwa urefu wako uliozidishwa kwa urefu huohuo (1.60 mara 1.60) unapata 35 na ushee, hiyo ndiyo BMI yako. Kuanzia 30, au 27 ukiwa na presha au sukari, daktari anaruhusiwa kufikiria dawa. Kwa hiyo wewe una haki ya kuingia kwa daktari na kusema "naomba tuzungumzie dawa ya uzito" bila kuona haya, ila si kabla presha haijatulia. Wakati unasubiri, niambie unakula nini kuanzia chai ya asubuhi mpaka unalala, usinifiche chapati. Kilo nne na nusu tu kwenye mwili wako ni asilimia 5, na hapo presha na sukari vinaanza kuonyesha tofauti.

Kopo lipeleke ofisi ya kanda ya TMDA pamoja na risiti ya muamala wa simu na picha za ule ukurasa, piga picha leo kabla hajaufuta. Waambie unataka kujaza fomu ya madhara ya dawa. Kama vidonge vimebaki viache humohumo kwenye kopo, wanahitaji vya kupima.

Kilo Tisini

Vimebaki kumi na kitu. Chapati mbili asubuhi, daktari, na maziwa ya chai yenye sukari vijiko vitatu. Mchana nitakuandikia kwa urefu.

Baba Wawili

Mleta mada, hiyo ya kugawa uzito kwa urefu nimejaribu. Nimepata 31. Mke wangu anauliza kiuno changu kipimwe juu ya kitovu au chini yake?

Kaunta ya Dawa

Tafuta mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, pima katikati yake, ukiwa umetoa pumzi. Usivute tumbo ndani. Ikizidi sentimita 102 njoo na uzi wako mwenyewe.